Mbona mimi simo?

Tushafuturu, sinia ishapungua, vimebaki vitumbua viwili ambavyo kila mtu anavitazama na hakuna anayevigusa kwa adabu, nikaona ndo wakati wenyewe, nikatoa laptopu. Hamu nilikuwa nayo tangu adhuhuri. Ile picha ilinichukua siku nne kuimaliza na sijawahi kupata kama ile, Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokata mbingu, imepanda juu ya bahari ya Shela hapa Lamu kama moshi wa ubani, lile vumbi jeusi la katikati laonekana wazi, nyota mpaka chini kwenye ukingo wa maji, na bahari yenyewe imetulia kama shuka iliyopigwa pasi.

Watoto wakapiga kelele. Mke wa ami akasema mashallah, akauliza kama ni hapa hapa kwetu ama ni Ulaya. Ami akavaa miwani akasogea. Akatazama sana, kidole chake kikatembea juu ya skrini kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, sambamba na maji. Kikarudi kushoto tena.

"Na mimi mwanangu," akasema, "mbona simo?"

Nikacheka.

Yeye hakucheka.

Alinambia nimtie

Usiku wa hiyo picha ilikuwa mwisho wa Shaaban, siku mbili tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Wavuvi siku hizo wanaziita giza, na sisi wa kupiga picha nyota ndo tunazozingojea, manake mwezi ukiwa juu hata kama ni kipande tu Njia Nyeupe inafifia yote. Nilikuwa nimelala kwa ami huko Shela ili nisitembee usiku kutoka Langoni na stendi begani. Yeye naye alikuwa anatoka na mashua yake alfajiri ile ile. Tunakunywa kahawa akaniuliza nitasimama wapi, nikamwambia kule ufuoni kupita nyumba za mwisho, kamera nitaielekeza baharini, kusini mashariki. Akafikiri kidogo.

"Basi nitapita mbele yako na taa. Unitie."

Nikasema inshallah, vile tunavyosemaga inshallah.

Na kweli akapita. Saa kumi na kitu nikaona taa inatoka upande wa Ras Kitau, yapanda yashuka, tanga halionekani lakini zile nyota za chini chini zinazimika moja moja halafu zinawaka tena nyuma yake, ndo nikajua tanga liko wapi. Nikampungia tochi yangu nyekundu. Kwa hesabu yangu ilimchukua dakika sita kuvuka picha nzima, na alikuja karibu na ufuo kuliko anavyopitaga, si kwa sababu nyingine ila hiyo.

Na si kupita tu. Pale katikati akapiga ukelele, "Weee! Angalia maji!"

Hapa nicheke mwenyewe kidogo. Mimi mtoto wa Amu, nimezaliwa najua kwamba giza na bamvua ni kitu kimoja, mwezi ukifichika maji yanajaa sana, na kwetu maji ya bamvua yanajaa alfajiri hiyo ya saa kumi, saa kumi na moja. Najua. Lakini mtu akishika kamera akili yote inapanda juu, nikaweka stendi mahali pazuri sana pa picha ambapo baada ya saa moja patakuwa bahari. Maji yalikuwa yashalamba mguu mmoja wa stendi. Nikapandisha kikoi nikajenga kiukuta cha mchanga kwa miguu, huku kamera inaendelea, tik, tik, tik, mpaka zikatimia picha 120.

Kwa hivo ukitazama vizuri, mtu aliyeiokoa hiyo kamera ndo huyo ambaye hayumo.

Chenga

Kamera yangu ni Canon 1300D, mtumba, na ile lenzi ya 18-55 inayokuja nayo. Si kamera ya maana kwa watu wa mambo haya lakini kwangu inatosha. Picha moja naiacha wazi sekunde 15. Ukizidisha hapo nyota zinaanza kuvutika kuwa vijistari manake dunia inazunguka, kuna hesabu ya haraka watu wanatumia, chukua 500 ugawe kwa urefu wa lenzi, yangu ni ile 18, na kamera za sensa ndogo kama yangu (sensa ni kile kibamba cha ndani kinachonasa mwanga) uzidishe kwanza huo urefu kwa 1.6, inakuja kama sekunde 17. Mimi nabaki 15.

Sekunde 15 hazitoshi. Picha inatoka na chenga, zile za televisheni ya zamani. Na huku kwetu chenga ni nyingi kuliko kwa wale ndugu zetu wa YouTube wanaofundisha wakiwa na majaketi na moshi unatoka mdomoni, manake sensa inachukia joto, kila joto likipanda kama digrii sita hivi zile chenga za joto zinakuwa mara mbili. Saa kumi alfajiri Februari Lamu bado unatokwa jasho. Vinatoka vidoa vyekundu na bluu ambavyo si nyota za Mungu, ni kamera inalalamika.

Dawa yake ni kupiga nyingi na kuzipanga juu ya nyingine. Kuna programu za bure kabisa, Sequator, Siril, DeepSkyStacker, unaipa mafaili yako inazisogeza picha mpaka nyota zikae juu ya nyota, inachukua wastani. Picha 100 zinapunguza chenga mara kumi. Mara ya kwanza kuiona hiyo kitu ikifanya kazi nilisimama peke yangu dukani (mchana nina saiba, nachapishia watu makaratasi) nikasema Allahu akbar kwa sauti, mteja akanitazama.

Sasa ndani yake mna kiboksi kimoja. Ukikipiga tiki programu haichukui wastani hivi hivi, inaangalia kila kijidoti cha picha inauliza zile picha zote 120. Ni kama baraza la wazee. Kila mmoja anaulizwa, hapa uliona nini? Maji meusi. Wewe? Maji meusi. Wewe? Maji meusi. Wewe? Niliona taa. Huyo mmoja anaambiwa wewe nyamaza.

Ndo inavyotoa ndege, setilaiti, popo, kimondo, mtu aliyepita na tochi. Na ami. Yeye alikuwa anaenda, kila mahali alipofika alifika mara moja tu, hakuna mahali alipokaa akapata wa kumtetea. Alipigiwa kura akatolewa, na tiki niliipiga mimi.

Wiki tatu

Ningeweza kumweleza hivo hivo, na nilijaribu, nikamwambia ami ile ni mashine inatoa vitu vinavyosogea. Akaniuliza nyota hazisogei? Nikasema zinasogea lakini tunazirudisha. Akaitikia kwa kichwa, "Aaa. Zile mnazirudisha." Akachukua kitumbua.

Basi hapo ndo paliponikaa.

Wiki tatu nilikuwa nalala nalo. Nikaanza kufungua picha zangu za zamani, za miaka mitatu, paa la nyumbani, Shela, Matondoni, moja baada ya nyingine, na wallahi hakuna mtu. Hakuna punda, hakuna jahazi, hakuna hata taa ya mtu anayekwenda msikitini. Mtu asiyepajua akiziona atadhani Lamu ni kisiwa kilichohamwa. Na watu waliponisifu walisifu hicho hicho, picha safi, hamna kinachosumbua jicho. Nilikuwa nafurahi.

Sikutaka kusema picha zangu ni za uwongo. Hilo neno nililipindua pindua nikaona si lake. Kila kilichomo kilikuwepo. Nyota zile ni kweli, rangi zile sensa imezikusanya kweli ila jicho letu usiku halina nguvu ya rangi. Lakini pia hakuna sekunde hata moja usiku ule ambayo ilikuwa vile. Ile ni nusu saa nzima iliyokandwa ikawa donge moja, na kwenye kukanda kuna vitu vimebanwa vikatoka nje.

Na sikuwa na uhakika kama nina haki ya kukasirika na mashine kwa kunipa nilichoiomba.

Mlango wa fundi

Nirudi nyuma kidogo manake deni langu kwa ami haliishii kwenye mchanga.

Mwaka mmoja nyuma niliamua nataka picha ndefu zaidi, dakika mbili, na nyota zisivutike. Vile vifaa vya kufuata nyota ni ghali, nikasoma kuhusu kile cha mbao mbili na bawaba, alichokibuni Mskochi mmoja, Haig, miaka ya 1970. Mbao ya chini imekaa, ya juu ina kamera, bolti inasukuma ya juu ifunguke polepole kama mlango. Bolti ya M6 uzi wake ni milimita moja, ukiiweka sentimita 22.86 kutoka kwenye bawaba na kuizungusha mara moja kwa dakika, mlango unafunguka mwendo ule ule wa dunia. Mimi nilikuwa nageuza robo mzunguko kila sekunde 15, nahesabu kama mtu aliye kwenye uradi.

Nani wa kunitengenezea mlango kama si fundi wa milango, na tuko Lamu. Akanipimia vizuri sana, akauliza huu mlango wenyewe unafunga chumba gani. Akataka kuunakshi. Nikamwambia la.

Shida ikaja kwenye kuulenga. Ile bawaba lazima ielekee pale mbingu zinapozungukia. Wazungu wao wanalenga nyota ya kaskazini wamemaliza. Sisi tuko digrii mbili na kitu kusini ya ikweta, ile nyota iko chini ya upeo wa macho, haionekani Lamu hata siku moja, na upande wa kusini hiyo sehemu iko digrii mbili tu juu ya maji ndani ya ukungu na hakuna nyota ya maana hapo. Bawaba inalala karibu bapa kabisa. Nilikaa wiki mbili napata vijistari.

Ami ndo alinifungua. Nilimuuliza tu kusini kamili nitaijuaje usiku, nikidhani atasema dira. Akasema jaa, hiyo nyota ya kaskazini, hatuioni hapa, waliokuwa wakienda Arabuni ndo iliwatokea njiani ikapanda kila siku, sisi hapa tuna Suheli. Tazama Suheli inavyopanda, ikisimama haipandi wala haishuki, chini yake ndo suheli, kusini yenyewe. Kwa manahodha jina la nyota na jina la upande ni moja. Nikaenda kupiga hesabu kwenye Stellarium, ile programu ya ramani ya nyota, katikati ya Februari inasimama hapo kama saa tatu usiku. Nikalenga. Dakika mbili, nyota doti.

Mlango wenyewe siutumii kwa picha za bahari, manake nyota zikisimama bahari ndo inavutika, halafu inabidi bahari uipige peke yake uje uziunganishe, na mimi huko kwa kuunganisha sijafika. Upo kabatini pamoja na lenzi, ndani ya ndoo yenye kifuniko na vile vipakiti vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Chumvi na unyevu wa huku vinaota kuvu ndani ya kioo, lenzi yangu ya kwanza ilikufa hivo, kama buibui mweupe kwenye jicho.

Na ami huyu huyu ujanani akipakia boriti kwenda Mombasa alikuwa akipita Ngomeni akiyaona yale majukwaa ya Waitaliano yamesimama kwa miguu baharini. Pale ndo iliporushwa tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kwanza duniani ya kutazama mbingu kwa eksirei, ikaitwa Uhuru kwa ajili ya siku yenyewe. Mara ya mwisho kurushwa roketi pale ilikuwa 1988. Nilimweleza yote hayo kwa shauku. Yeye anakumbuka kuwa samaki wanapenda kukaa kwenye zile nguzo.

Hukuwemo

Katika zile wiki tatu kuna jambo lingine lilirudi, sikuliita.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote. Kwetu ulikuwa mwekundu kamili kuanzia saa mbili na nusu usiku mpaka saa nne kasoro dakika nane, dakika 82. Nilijitayarisha mwezi mzima. Betri mbili, pawabenki, memori kadi tupu, nikapanda juu kwenye paa tangu magharibi. Mawingu ya kusi yalikuwa yakipita vipande vipande nikawa nawinda kwenye nafasi. Chini msikitini wakatangaza swala ya kupatwa kwa mwezi, nikawasikia watu wanapita kichochoroni, viatu vingi, wazee, watoto wameamshwa wanalia. Nikasema ngoja huu wingu upite.

Nilipiga karibu 400. Nzuri.

Asubuhi yake jirani akaniuliza tu, bila ubaya, "Jana hukuwemo?"

Nikamwambia nilikuwa juu. Akasema aaa.

Wakati ule halikuniuma. Lilikuja kuniuma mwaka huu, kwa sauti ya ami.

Kutoka 0058

Basi usiku mmoja baada ya tarawehe nikafungua folda ya Shela. Sijui kwa nini sikufanya hivyo siku ile ile ya kwanza, nadhani nilikuwa najitetea. Picha mbichi zote ninazo, sifuti. Nikaanza kupiga mshale mmoja mmoja.

0055, bahari. 0056, bahari. 0057, bahari na chenga. 0058, pembeni kabisa kushoto, kijistari cha njano urefu wa ukucha.

Ami huyo.

Mpaka 0079 yumo. Kila picha kijistari kimesogea, kwenye moja taa imechora kiwimbi kizuri kama herufi ya mtoto anayejifunza kuandika. Nikazitoa zile 22 nikazipanga kwa namna nyingine, pale programu haichukui wastani wala haipigi kura, kila kijidoti inaacha kile kilichong'aa kuliko vyote. Ikatoka picha chafu. Chenga zote zimerudi, vidoa vyekundu, setilaiti imekata juu kama mtu aliyechana kwa wembe. Na chini kuna mstari wa taa umevuka bahari nzima.

Lakini umekatika. Vile vipengo vidogo nilivitarajia, kamera inapumzika sekunde mbili baina ya picha na picha. Kulikuwa na vingine vikubwa, mahali patatu, picha nzima haina taa halafu inarudi. Nikadhani kamera imeruka, nikahesabu mafaili, hakuna lililopotea. Nikaacha hivo hivo.

Nikamchapishia kwenye karatasi ya A4 ya kung'aa, ile ninayowauzia watu wa harusi.

Mara tatu

Nilimpelekea baada ya futari tena. Akavaa miwani. Kidole kikaanza kushoto.

"Hini ndo taa yangu."

"Ndiyo ami."

Kikatembea. Alikuwa anasoma, naapa, alikuwa anasoma kama mtu anavyosoma barua. Hapa palikuwa na wimbi la mlangoni. Hapa nililegeza demani, kamba ya tanga. Hapa nilikupigia ukelele. Mimi sikuona tofauti yoyote hapo, kwangu ni mstari wa njano. Kikafika kwenye nafasi ya kwanza kikasimama.

Nikamwambia labda kamera hiyo.

"La, si kamera," akasema, yuko mbali kabisa, amefurahi. "Hapa nilitia taa chini nikakumba maji."

Mke wa ami alikuwa anakusanya vikombe. Akasimama.

"Maji gani?"

Ami akanyamaza. Kidole bado kiko pale kwenye karatasi.

Akaja na vikombe mkononi akainama juu ya picha, na huyu ni mtu ambaye miezi yote alikuwa akiambiwa ile mashua haivuji, ile ni mvuke, ile ni umande. Akahesabu kwa kidevu. Moja. Mbili. Tatu. Akanigeukia mimi, akaniuliza kutoka huku mpaka huku ni muda gani.

Ningesema nini jamani. Namba za mafaili zina saa.

"Dakika sita," nikasema.

"Mara tatu," akamwambia ami. "Dakika sita, mara tatu."

Ami akanitazama juu ya miwani, mtazamo ambao sitausahau mapema.

Asubuhi ya pili mashua ilikuwa juu ya mchanga. Fundi wa kalafati alipochokoa pamba ya zamani kwenye mkuku ilitoka kama uzi uliooza, vidole viwili vinaingia. Akasema kazi ya siku kumi kwa sababu watu wamefunga. Picha ile chafu imebandikwa ukutani kwa ami, na si ami aliyeibandika.

Giza lililofuata likaangukia mwisho wa Ramadhani. Nikaenda Shela tena, mara hii stendi nimeiweka juu, nimekula daku yangu ya tende na maji nimekaa mchangani. Njia Nyeupe ilikuwa juu zaidi kuliko mara ile. Nikapiga 120. Wavuvi wengi walikuwa wamebaki nyumbani, mashua ya ami imelazwa ubavu nyuma yangu inanuka sifa mpya, yale mafuta ya papa ya kupaka mbao. Nilipofika dukani nikaingiza mafaili, nikaangalia kile kiboksi kwa muda, halafu nikakipiga tiki.

Ukiacha setilaiti mbili, programu haikupata cha kutoa.